Merikebu Iliyovuka Nchi Kavu: Safari ya Kwanza ya Bering, 1725–1730

Katika vitabu vingi vya historia ya uvumbuzi wa bahari, jina la Vitus Bering hupewa mistari michache. Husemwa kwamba alikuwa Mdenmark aliyetumikia jeshi la maji la Urusi. Kwamba mwaka 1728 alipita baina ya Asia na Amerika bila ya kuiona Amerika. Na kwamba aligeuza merikebu mapema kuliko ilivyompasa. Hukumu hiyo ya mwisho imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama desturi. Walakini mtu akizisoma hesabu za safari ile badala ya kuitazama ramani yake tu, ataona jambo ambalo hukumu hiyo huliacha nje. Safari ya Bering ilidumu miaka mitano na zaidi kidogo. Katika miaka hiyo mitano, siku zilizotumika baharini kuitafuta njia ya kaskazini hazikufika sitini. Muda wote uliobaki ulikwenda katika kupakia na kupakua mizigo, kuomba farasi, kungoja majibu ya maliwali, kupasua mbao, na kujenga mashua zilizotumika kwa majira mamoja tu kisha zikaachwa. Bering alikuwa nahodha, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kwanza kazi ya usafiri na ujenzi. Akitazamwa hivyo, swali la kwa nini aligeuza hupungua uzito, na swali jingine hujitokeza: ni nani aliyelipa gharama ya kumfikisha huko?

Amri ya safari ilitolewa na Tsar Peter wa Kwanza mwishoni mwa mwaka 1724, wiki chache kabla ya kufa kwake. Ilikuwa fupi mno. Ilimtaka Bering ajenge, huko Kamchatka au mahali pengine katika pwani ile, chombo kimoja au viwili vyenye sitaha. Asafiri kwa vyombo hivyo kando ya nchi iendeleayo kaskazini. Atafute mahali inapoungana na Amerika, kama inaungana. Na arudi na ramani. Msomaji atatambua kwamba neno la kwanza la amri hiyo ni kujenga. Lakini haikusema lolote juu ya nchi yenyewe iliyokuwa kati ya St Petersburg na Kamchatka, nayo ni nchi ya maili elfu kadhaa, yenye milima, vinamasi na mito isiyoelekea upande mmoja na msafiri. Mfalme aliandika kama kwamba seremala na mti wake walikuwa tayari wamesimama ufukoni.

Hali halisi ilikuwa nyingine. Miti ilikuwako Kamchatka, tena ya kutosha. Kilichokosekana ni kila kitu ambacho hakioti: chuma, nanga, kamba, turubai la matanga, mizinga, misumari, vyombo vya kupimia jua na nyota. Hivi vyote hapana budi vitoke Ulaya, au kwa uchache vitoke katika miji ya magharibi ya Siberia. Kwa hiyo nusu ya merikebu ilikuwa msituni Kamchatka, na nusu ya pili ilipasa kubebwa kupitia bara zima la Asia.

Kwa kazi hiyo Bering alipewa maluteni wawili. Wa kwanza, Martin Spangberg, alikuwa Mdenmark kama yeye, mtu mkali, mwenye nguvu, asiyependa kuambiwa kwamba jambo haliwezekani. Wa pili, Aleksei Chirikov, alikuwa Mrusi, kijana aliyesomea unahodha hata akaufundisha, na ambaye wanahistoria wengi humsifu kuwa ndiye aliyekuwa na akili kubwa zaidi kati ya watatu hao. Pamoja nao alikuwako ofisa mdogo, Pyotr Chaplin, aliyeandika kumbukumbu za kila siku. Kumbukumbu za Chaplin pamoja na taarifa fupi ya Bering mwenyewe ndizo zinazotuwezesha kuijua safari hii. Nazo, kwa sehemu kubwa, ni kumbukumbu za mizigo.

Chirikov aliondoka St Petersburg tarehe 24 Januari 1725 pamoja na watu 26 na mizigo ya magari 25. (Tarehe zote humu ni za kalenda ya zamani ya Kirusi, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya leo kwa siku 11.) Siku nne baadaye Peter alifariki, na mjane wake, Catherine wa Kwanza, akairithi enzi pamoja na safari hiyo. Bering alingoja hati zake zimalizike kuandikwa, kisha akafuata mwanzoni mwa Februari.

Hati hizo hazikuwa jambo dogo. Katika Urusi ya zama hizo, ofisa aliyesafiri kwa kazi ya dola hakukodi farasi kama afanyavyo mfanyabiashara. Alichukua karatasi yenye mhuri, iliyowataka watu wa kila mahali apitapo wampe farasi, magari na madereva wa magari hayo mpaka kituo cha mbele. Wajibu huo wa raia uliitwa podvoda. Katika barabara kuu za magharibi, zenye vituo na watu wengi, mzigo wake uligawanyika na kila kijiji kikabeba kidogo. Lakini kadiri msafiri alivyokwenda mashariki watu walipungua, na karatasi ile ile, yenye mhuri ule ule, iliwaangukia wachache kwa uzito ule ule. Jambo hili ndilo ufunguo wa habari yote inayofuata.

Msafara ulifika Tobolsk katikati ya Machi 1725. Hapo Bering aliomba askari 24, aliposikia zaidi kuhusu kazi iliyokuwa mbele yake akaomba 54, akapewa 39. Aliomba maseremala 60 na wahunzi 7, akaambiwa kwamba nusu yao atawapata mbele, Yeniseisk. Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi katika ofisi ya serikali atayatambua majibu ya namna hii bila ya kuelezwa. Na alipofika Yeniseisk aliwapata kweli watu, ila kwa maneno yake mwenyewe waliofaa kazi walikuwa wachache.

Kutoka Tobolsk barabara zilikwisha, na mito ikawa ndiyo barabara. Ubaya wa mito ya Siberia ni kwamba yote mikubwa hutiririka kaskazini kuelekea bahari ya barafu, na msafiri aendaye mashariki hulazimika kuteremka mto mmoja, kupanda mwingine, kushusha mizigo, kuivusha nchi kavu mpaka mto wa tatu, na kuanza upya. Walishuka Irtysh, wakapanda Ob na Ket, wakavuka nchi kavu mpaka Yenisei, wakapanda tena mpaka Ilimsk, na hapo majira ya baridi yakawafunga. Bering alikwenda Irkutsk kuonana na liwali na kumwuliza habari za njia. Spangberg naye alipelekwa na mafundi mpaka Ust-Kut, katika mto Lena, akajenge vyombo vya kutelemkia mto utakapoyeyuka. Walijenga matishari 15 pamoja na mashua ndogo. Mwezi Mei 1726 waliyapakia, na mwezi Juni wakafika Yakutsk. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita, na ile sehemu iliyohesabiwa kuwa rahisi ilikuwa imekwisha.

Yakutsk ulikuwa mji wa mwisho wenye ofisi, ghala na watu wa kuandika. Humo ofisini, kati ya majalada yaliyokaa muda mrefu bila ya kusomwa, ilikuwamo taarifa ya Mkosaki mmoja jina lake Semyon Dezhnev, aliyekuwa amezunguka ncha ya mashariki ya Asia kwa mashua mwaka 1648, yaani miaka 80 kabla ya Bering. Jibu la swali la Tsar lilikuwa limehifadhiwa katika mji ambao Bering alikaa miezi miwili akihesabu magunia ya unga. Mwanahistoria Gerhard Friedrich Müller ndiye aliyeyakuta maandishi hayo mwaka 1736. Hapana wa kulaumiwa kwa hilo, kwani Bering hakutumwa kupekua majalada. Lakini ni habari inayopasa kukumbukwa na wote wadhanio kwamba dola hujua yote yaliyoandikwa katika vitabu vyake.

Kati ya Yakutsk na Okhotsk, bandari ya bahari ya mashariki, pana maili zaidi ya 600. Bering aliigawa kazi. Mizigo mizito, yaani nanga, mizinga, kamba na matanga, alimpa Spangberg aipeleke kwa maji katika mito ya Aldan, Maya na Yudoma, kwa mashua 13 na watu 204. Unga aliuchukua mwenyewe kwa njia ya nchi kavu, juu ya migongo ya farasi, kwa sababu gari lolote lingezama katika vinamasi. Kila farasi alibeba pudi tano, ambazo ni kama ratli 180. Chirikov aliachwa Yakutsk akusanye unga zaidi na kuuleta mwaka wa pili.

Farasi hao walikuwa mamia, nao walikuwa mali ya Wayakut. Hapa pafaa kusimama kidogo, kwani kwa Myakut farasi hakuwa chombo cha kupandwa tu. Alikuwa nyama, maziwa, ngozi na mahari. Kinywaji cha sherehe zao kilitokana na maziwa ya farasi, na utajiri wa mtu ulihesabiwa kwa kundi lake. Kumtwaa mtu farasi wake wakati wa kiangazi, akapelekwa mahali pasipo na majani, ilikuwa ni kuigusa riziki ya nyumba nzima. Bering aliondoka Agosti, majira yakiwa yamechelewa. Theluji ilianguka kabla hawajafika, ikayafunika malisho. Farasi wengi sana walikufa njiani kwa njaa na kwa baridi, na wengine walikufa baada ya kufika Okhotsk, ambako hapakuwa na majani yaliyowekwa akiba kwa ajili yao. Safari ya siku 45 ilikwisha mwanzoni mwa Oktoba, na Bering akajikuta katika kijiji chenye nyumba kama kumi hivi. Hii ndiyo bandari ambayo dola ya Urusi ilikusudia kuitawalia bahari ya Pasifiki. Watu wake walilazimika kukata miti na kuiburuta wenyewe, farasi wakiwa wamekwisha, ili wajenge maghala na vibanda kabla ya baridi kuu.

Habari za Spangberg zilikuwa mbaya zaidi. Kupanda mito kwa mashua zilizojaa chuma ni kazi ya kuvuta kwa kamba, watu wakitembea ufukoni au majini penyewe, na mara nyingi maendeleo ya siku nzima hayakuzidi maili chache. Mwezi Novemba barafu ilizishika mashua zake, naye akiwa bado mbali na Okhotsk. Alijenga sleji, ambazo ni magari yasiyo na magurudumu, ya kuburutwa juu ya theluji, akaziweka humo nanga na bunduki na vitu vya lazima, na watu wakajifunga kamba kama wanyama. Chakula kilikwisha. Walipofika katika njia aliyopita Bering walikuta mizoga ya farasi walioachwa, wakaila. Kisha walitafuna mikanda, mifuko ya ngozi, na viatu vyao. Baadhi walikufa na baadhi walitoroka. Spangberg aliingia Okhotsk mwanzoni mwa Januari 1727, na sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa imebaki imetawanyika njiani, ikabidi irudiwe.

Katika maelezo ya Bering mwenyewe tukio hili limeandikwa kwa sentensi mbili tatu, baada ya hapo taarifa huendelea na idadi ya unga. Si ukavu wa moyo. Ndivyo alivyofundishwa kuandika: ofisa hutoa hesabu ya mali aliyokabidhiwa, na mateso hayana safu yake katika daftari. Mwanahistoria asomaye taarifa za namna hii hana budi kujifunza kuzisoma nambari kama asomavyo mashairi, ajue kwamba palipoandikwa kuwa kitu kimechelewa kwa miezi miwili, pana watu ndani ya miezi hiyo miwili.

Mwezi Juni 1727 Okhotsk iliteremsha majini chombo kilichoitwa Fortuna. Mwezi Julai Chirikov alifika na pudi 2,300 za unga, baada ya kuchelewa kwa sababu ya surua iliyoenea Yakutsk. Mpaka kufikia Septemba watu wote na mizigo yote ilikuwa imevushwa bahari ya Okhotsk na kushushwa Bolsheretsk, upande wa magharibi wa rasi ya Kamchatka.

Hapo ndipo Bering alipofanya uamuzi ulio mzito kuliko ule wa kugeuza merikebu, ingawa wanahistoria wengi huupitia haraka. Mahali alipokusudia kujengea merikebu palikuwa upande wa mashariki wa rasi, karibu na mlango wa mto Kamchatka. Angeweza kuizunguka ncha ya kusini kwa bahari. Lakini majira yalikuwa yamekwenda, Fortuna ilikuwa imejengwa kwa haraka na kwa vifaa vichache, na hakuwako katika msafara mtu aliyeijua pwani ile. Bering akaamua kuivusha mizigo nchi kavu, kupitia katikati ya Kamchatka, mwendo wa maili zipatazo 550, kwa mashua mahali penye mito, na penginepo kwa sleji zinazovutwa na mbwa.

Mbwa hao walikuwa wa Waitelmen, ambao Warusi waliwaita Wakamchadali. Walikuwa watu wa mito na samaki. Kila mwaka samaki aina ya salmoni walipopanda mito kwa wingi, Waitelmen waliwavua, wakawapasua na kuwakausha, na samaki hao wakavu ndio waliowalisha wao pamoja na mbwa wao mpaka mwaka uliofuata. Wakati wa baridi mwanamume alifunga mbwa wake akaenda porini kuwinda. Alihitaji nyama na ngozi za kuvaa, na alihitaji vilevile ngozi za kulipia yasak, kodi ya manyoya iliyotozwa kila mwaka na wakusanyaji wa Kirusi, watu ambao kwa kawaida walitoza zaidi ya ilivyoandikwa na kilichozidi wakakitia mfukoni.

Sasa hesabu hii ni rahisi kuifuata. Katika majira ya baridi ya 1727 na 1728 Waitelmen waliamriwa watoe mbwa, sleji na waendeshaji, wabebe chuma, unga na kamba za dola. Mbwa wa kuvuta mzigo mzito hula zaidi, na alichokula ni samaki wale waliokaushwa kwa ajili ya nyumba. Mbwa wengi walikufa. Mwanamume aliyekuwa akivuta nanga hakuwa porini akiwinda, na asiyewinda hana ngozi za kodi. Lakini mkusanyaji kodi hakuipokea nanga kuwa udhuru. Kisha, merikebu ilipokuwa tayari, chakula cha mabaharia nacho kikatoka katika mito ile ile. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na mwenyeji akazidi kuugua.

Wavukaji wenyewe waliteseka pia, na si haki kulificha hilo. Bering aliandika kwamba usiku walifukua theluji wakalala ndani ya mashimo, na kwamba dhoruba za nchi ile huweza kumzika mtu asipowahi kujistiri. Lakini yeye na watu wake walikuwa wakipita.

Ujenzi uliofuata una sifa ya pekee, na mtu apendaye kazi ya mikono hawezi kuusoma bila ya kuvutiwa. Tarehe 4 Aprili 1728 mkuku wa merikebu uliwekwa kando ya mto Kamchatka. Miti ilikatwa msitu wa jirani. Lami haikuwa imeletwa, basi wakaipata kwa kuchoma miti ya jamii ya msonobari iitwayo lachi. Chumvi waliipata kwa kuchemsha maji ya bahari. Siagi haikuwako, wakaweka mafuta ya samaki. Nyama haikuwako, wakaweka samaki wakavu. Hata pombe ya mabaharia waliipika kwa majani matamu ya porini, ambayo wenyeji waliyajua tangu zamani. Merikebu ilikuwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 20, ikaitwa Malaika Mkuu Gabriel. Iliteremshwa majini mwezi Juni, ikiwa na akiba ya mwaka mzima kwa watu zaidi ya arobaini. Tangu Chirikov alipoiacha St Petersburg ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi mitano.

Safari yenyewe inaweza kusimuliwa upesi. Gabriel iling'oa nanga katikati ya Julai. Tarehe 8 Agosti mashua ya ngozi yenye watu wanane, Wachukchi, ilikaribia. Mmoja wao aliogelea mpaka kwenye merikebu akielea juu ya vibofu vilivyojazwa pumzi, akaulizwa maswali kwa kinywa cha mkalimani Mkoryak ambaye lugha yao hakuielewa vema. Tarehe 13 Bering aliwauliza maluteni wake maoni. Chirikov alitaka waendelee mpaka mlango wa mto Kolyma au mpaka barafu iwazuie, kwani bila ya hivyo hapangekuwa na uthibitisho kwamba Asia na Amerika zimetengana. Spangberg alisema waende mpaka tarehe 16 kisha warudi. Bering alimfuata Spangberg. Tarehe 16 Agosti, katika latitudo ya digrii 67 na dakika 18, pwani ya Asia ikiwa imekwisha kugeuka magharibi, merikebu ilielekezwa kusini. Ukungu uliificha Amerika, ambayo siku njema huonekana kutoka ng'ambo. Tarehe 2 Septemba walikuwa wamerudi mtoni.

Katika elimu, Chirikov alikuwa na haki. Lakini Bering alikuwa akifikiri kwa akili ya mtu aliyeivusha merikebu hiyo, kipande kwa kipande, katika bara zima. Alijua kila msumari umetoka wapi. Alijua kwamba ikivunjika juu ya pwani isiyojulikana hakuna nyingine, wala hakuna mbwa wala farasi waliobaki wa kuleta ya pili. Mwangalifu aliyeogopa kupoteza mali aliyokabidhiwa ndiye yule yule aliyefanikiwa kuifikisha, na wanaomsifu kwa jambo la kwanza hawana budi kumvumilia katika la pili.

Kosa lake lililo zito liko mahali pengine, na ushahidi wake aliuleta mwenyewe. Mwezi Juni 1729 alitoka tena baharini, akatafuta nchi upande wa mashariki kwa siku chache bila ya kuipata, kisha badala ya kurudi mtoni akaelekea kusini, akaizunguka ncha ya Kamchatka kwa merikebu, na mapema Julai akatia nanga Bolsheretsk. Safari ile ambayo watu na mbwa waliifanya kwa majira mazima ya baridi, wengi wa mbwa wakifa, merikebu iliimaliza kwa muda usiotimia mwezi, pamoja na zile siku za kutafuta nchi. Njia ya bahari ilikuwako. Mwaka 1727 Bering hakuijua, hilo ni kweli, na kujaribu wakati wa vuli kungekuwa hatari. Walakini pazuri pa kuuliza ni hapa: hatari ilipogawanywa, iliangukia wapi? Dhoruba ya baharini ingemhatarisha yeye na chombo chake. Njia ya nchi kavu iliihamisha hatari hiyo ikaiweka juu ya mbwa na akiba za samaki za watu ambao hawakuulizwa. Hakufanya hivyo kwa uovu. Karatasi yenye mhuri ilimruhusu, na mali ya raia haikuhesabiwa kuwa gharama ya safari. Katika daftari za msafara unga umepimwa kwa pudi. Mbwa wa Waitelmen walichukuliwa kama upepo unavyochukuliwa na matanga.

Bering alifika St Petersburg tarehe 1 Machi 1730. Alipandishwa cheo na kupewa rubo 1,000. Kwa heshima yake hapana budi isemwe kwamba hakunyamaza juu ya aliyoyaona. Pamoja na pendekezo la safari ya pili aliwasilisha mapendekezo mengine juu ya utawala wa Siberia: kwamba kodi ya manyoya ikusanywe kwa utaratibu ulio bora na kwa watu waaminifu; kwamba ng'ombe wapelekwe Okhotsk ili chakula kipatikane huko; kwamba chuma kifuliwe karibu na Yakutsk, isiwe lazima kukibeba kutoka mbali; na kwamba vijana wa Kikosaki wafundishwe ubaharia huko huko. Mapendekezo haya yasomwapo pamoja na hesabu za mwaka 1726 huonekana kuwa si nadharia. Ni mtu anayewakumbuka farasi.

Waitelmen hawakungoja mapendekezo. Mwezi Julai 1731 walisimama wakiongozwa na mmoja wao aitwaye Fyodor Kharchin, wakaishika ngome ya Kamchatka ya Chini na kuichoma moto majengo yake. Stepan Krasheninnikov, msomi aliyefika Kamchatka mwaka 1737, aliwahoji watu wa pande zote mbili, na katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1755 aliitia sababu ya vita hivyo katika ulafi na ukatili wa wakusanyaji wa kodi. Hakuna awezaye kusema kwamba safari ya Bering peke yake ndiyo iliyoleta vita. Walakini iliongeza mzigo juu ya bega lililokwisha kuchubuka, na majira ya baridi ya mbwa waliokufa yalikuwa bado hayajatimiza miaka minne.

Waasi walichagua siku yao kwa kuangalia bahari. Merikebu Gabriel ilikuwa imetoka mtoni na watu wenye silaha ndani yake, nao wakadhani imekwenda zake. Haikuwa imefika mbali. Habari za kuchomwa kwa ngome ziliwafikia waliokuwamo, wakarudi, wakaleta mizinga mbele ya ngome, na ngome ikaanguka. Mwaka uliofuata, 1732, merikebu hiyo hiyo ilikwenda tena kaskazini ikiwa na Mikhail Gvozdev na Ivan Fyodorov, na mwezi Agosti ikaiona pwani ya Amerika.